Kiko cha babu kinakoroma na kimeungua ubavuni: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Babu yangu alifariki akaniachia kiko chake cha mti, chenye mdomo uliopinda. Kilikaa kabatini miaka mingi, nami nimeanza kukivuta miezi mitatu iliyopita, mara mbili au tatu kwa siku. Kinakoroma, kinanimwagia maji machungu mdomoni, na kinazimika kila mara hadi nachoka kukiwasha. Ulimi unawaka. Sehemu ya mdomo ilikuwa nyeusi, sasa ina rangi ya haradali na harufu ya kiberiti, tena imelegea, inaanguka yenyewe. Juzi nimeona doa jeusi ubavuni mwa bakuli, na nikivuta hapo panachoma vidole. Rafiki mmoja kaniambia nikitupe. Je, kinaponyeka? Na yale mabonde ya meno ya babu kwenye mdomo wa kiko, niyasawazishe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kinaponyeka, ila kwanza kiweke chini. Usikiwashe tena hata mara moja kabla hujalimaliza hilo la doa, maana mengine yote uliyoyataja ni kero. Hilo ni jeraha. Na nikukataze jambo moja mapema: usichovye ile sehemu ya mdomo katika maji ya moto, hata akikushauri nani. Sababu nitaifikia.

Tukubaliane majina kwanza. Wazee walikuwa na jina la kila kiungo cha kiko cha maji. Bori ni kichwa kinachobeba tumbaku na moto. Digali ni shingo inayotoka kwenye bori. Shilamu ni ile inayokwenda mdomoni. Na ule mlio wa maji wakati wa kuvuta waliuita malio ya kiko, nao ndio uliokuwa utamu wenyewe. Kiko chako ni kikavu, hakikuumbiwa maji, kwa hiyo malio yake ni dalili ya ugonjwa. Majina lakini yanafaa, nitayatumia.

Umeniandikia kama mtu mwenye maradhi sita. Mimi nayaona mawili, na hayo mawili ni ndugu: kiko chako hakipewi nafasi ya kukauka, na kinavutwa kwa pupa. Karibu kila ulichokitaja kinatoka humo, pamoja na lile doa.

Tuanze na doa. Toa majivu, acha kiko kipoe hadi kesho yake, kisha mulika tochi ndani ya bori uangalie ukuta wa ndani mahali panapolingana na doa la nje. Chukua kitu butu, mpini wa kijiko kidogo unatosha, ugonge na kukwangua polepole. Pakiwa pagumu na sauti ni ileile ya pande nyingine, ukuta ni mzima. Joto limepenya likababua nta na rangi ya nje, basi. Lakini pakimomonyoka kama mkaa, ukaona kishimo chenye nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka juani, mti umeungua kutoka ndani. Komba mkaa wote laini hadi ufikie mti mgumu. Ukuta uliobaki ukiwa walau nusu ya unene wa kawaida, kinatengenezeka.

Mti wa viko hauungui kirahisi, ndiyo maana huwa sipuuzi doa la namna hii. Viko vingi vya mti, na kwa maelezo yako naamini na chako, huchongwa kutokana na uvimbe unaoota kwenye mzizi wa Erica arborea, kichaka cha nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Uvimbe huo ni mgumu na unavumilia joto kuliko mbao za kawaida. Kabla ya kuchongwa huchemshwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha huachwa ukauke miezi mingi. Mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulijulikana duniani kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Mti wa aina hiyo ukiungua mahali pamoja, natafuta kati ya mambo matatu: kasoro iliyojificha ndani ya mti tangu siku ulipochongwa, mwali wa gesi unaoelekezwa upande uleule kila siku, au mvutaji asiyeliacha kaa lipumzike. Kiko cha babu yako kilivutwa miaka mingi bila doa, kwa hiyo kasoro ya mti naiweka mwisho. Tazama doa liko upande gani. Likiwa upande wa mkono unaowashia, mhalifu amepatikana. Vile viwashio vya gesi vinavyotoa mwali wa buluu unaofoka ni vya kuchomelea vyuma, bori halivitaki. Tumia njiti ya kawaida, subiri kichwa chake kimalize kuungua ili usivute ladha yake, halafu zungusha mwali juu ya tumbaku yote bila kuulaza kwenye ukingo.

Kuziba kishimo: chukua majivu ya biri, ile sigara nene ya jani zima, ukande na matone machache ya maji hadi yawe kama saruji ya kuzibia ufa. Lainisha kishimo kwa kidole chenye maji, pachika, sawazisha, kisha acha pakauke wiki nzima. Usipaharakishe kwa moto wala jua. Mara kumi za mwanzo jaza nusu bori na uvute polepole, ili tabaka jipya la kaboni lishike juu ya kiraka. Doa la nje halitaondoka. Likiongezeka ukubwa baada ya matengenezo, kiko kimestaafu. Kiweke kama kumbukumbu.

Hilo tabaka la kaboni naliita ukoko, na sijapata neno bora. Ukoko ndio unaokinga mti dhidi ya kaa. Unatakiwa uwe na unene wa milimita 1 hivi, ukizidi sana 1.5, na uwe sawa pande zote na hadi chini. Ukiwa mnene kupita hapo ni hatari, kwa kuwa ukipata joto hautanuki sawasawa na mti, na hapo ndipo mabori mengi ya zamani hupasuka. Nakisia ukoko wa babu yako ni mnene juu na mwembamba chini, maana wavutaji wengi huacha robo ya mwisho ya tumbaku ikiwa mbichi wakaitupa, basi sehemu ya chini haipati ukoko kamwe. Punguza kwa kisu chenye ncha ya duara, au kwa msasa uliozungushiwa kijiti kinene. Kisu chenye ncha kali kitatoboa sakafu ya bori, na tundu hilo ni vigumu kuliziba vizuri.

Sasa kukoroma. Watu wengi hudhani ni mate. Mate yamo, lakini kidogo. Maji mengi yanatoka kwenye tumbaku yenyewe: unyevu uliomo ndani yake, pamoja na mvuke unaozaliwa kila kitu cha mmea kinapoungua. Mvuke huo unatoka kwenye kaa ukiwa moto, unakutana na digali lililo baridi, unageuka matone. Matone yanajikusanya mahali pa chini kabisa, na hewa ikipita juu yake ndipo unapoyasikia malio. Kiko kilichopinda kina bonde la asili, kwa hiyo kinakoroma zaidi ya kilichonyooka. Charles Peterson wa Dublin aliliona tatizo hili akalipatia hataza mwaka 1890: alichimba kisima kidogo ndani ya digali, chini ya njia ya moshi, maji yakatuama humo. Chungulia ndani ya digali la chako. Ukiona kisima, kikaushe kila baada ya kuvuta kwa karatasi laini iliyosokotwa. Kama hakipo, kazi yote inabaki kwako.

Na kazi yenyewe inaanza kabla ya kiberiti. Tumbaku inayotoka kwenye kopo mara nyingi imelowa kupita kiasi, kwani huuzwa hivyo isiharibike. Itandaze juu ya karatasi nusu saa, saa nzima ikibidi. Bana kidogo kati ya vidole kisha uachie: ikibaki donge, bado, ikifumuka yenyewe huku kingo zikikwaruza kidogo, tayari. Nina hakika hii peke yake itakuondolea nusu ya kukoroma, na nusu ya kuzimika, kwa sababu kiko huzimika pale kaa linapotumia joto lake kukausha badala ya kuchoma.

Nusu nyingine ya kuzimika ni ujazaji. Wavutaji wana msemo wa mikono mitatu: jaza mara ya kwanza kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mama, ya tatu kwa mkono wa baba. Chini tumbaku ilegee, juu ishikane. Kabla ya kuwasha vuta hewa tupu. Uzito uwe kama wa kunywa maji kwa mrija, wala si kama kunyonya kupitia kitambaa. Ukihisi uzito, mwaga ujaze upya. Usijaribu kurekebisha kwa kuchokoa, nimewaona wengi wanachokoa hadi tumbaku yote imekuwa vumbi na tundu la hewa limeziba. Kisha washa mara mbili. Mara ya kwanza tumbaku itavimba na kuinuka. Ishindilie taratibu kwa kishindilio kwa uzito wa mkono tu, uwashe tena. Hiyo ya pili ndiyo itakayodumu.

Baada ya hapo, pole. Kiko huvutwa kama mtu anayepuliza kaa lisife, kidogo na kwa vituo, katikati ukiuacha moshi upande wenyewe. Bori likikushinda kulishika kiganjani au kuligusisha shavuni, umeshakwenda mbio. Liweke chini, likizima lizime. Kuwasha upya si aibu. Ukisikia malio katikati ya safari, pitisha waya wenye manyoya kwenye tundu la shilamu hadi ufike chini ya bori, uuache hapo ukinywa maji kwa sekunde chache, uutoe. Usichomoe shilamu! Digali likiwa moto mti umetanuka na umelainika kwa unyevu, na kuchomoa wakati huo ndiyo njia ya haraka ya kulipasua au kulilegeza. Nashuku ndicho ulichokuwa ukifanya kila kiko kilipokoroma.

Juu ya ulimi unaowaka niseme bila kuzunguka. Mvuke wa moto unababua, na ukifuata niliyosema hapo juu kuwaka kutapungua. Lakini mimi hutengeneza viko, sitengenezi moshi. Kiko kisafi hakimfanyi mvutaji awe salama. Moshi wa kiko unaleta saratani ya midomo, kinywa na koo hata kwa asiyeumeza, na unamzoesha mtu nikotini kama sigara. Kidonda au baka jeupe mdomoni likidumu zaidi ya wiki mbili au tatu, usilisingizie kiko kuwa na joto, nenda kwa daktari. Mara tatu kwa siku ni nyingi, kwa kiko na kwa kinywa vilevile.

Ule uchungu, sehemu yake ni wa babu. Miaka ya kabatini imegeuza lami iliyomo ndani ya digali kuwa kama gundi, nawe unaiyeyusha kila siku. Chomoa shilamu kiko kikiwa baridi kabisa, chovya waya katika pombe kali ya kunywa isiyo na sukari wala ladha, sugua ndani ya digali na ndani ya shilamu, badilisha waya, endelea hadi utoke mweupe. Kwa kiko cha umri huo, waya ishirini au thelathini si ajabu. Spiriti ya kuwashia taa usiitie kabisa, mara nyingi ina methanoli, nayo ni sumu.

Kwa bori, wengi watakuambia ulijaze chumvi ya mawe, ulowanishe kwa pombe, ulale, uamke ukute chumvi imekuwa kahawia. Inafanya kazi. Mimi pia nilikuwa nikifanya hivyo, mpaka nilipolisahau moja siku mbili, tena la mtu. Chumvi iliteremka hadi kwenye digali, ikanywa, ikakauka, na digali likaachia ufa kuanzia mdomoni hadi katikati. Nililifunga pete ya shaba na kumrudishia mwenyewe pamoja na maelezo marefu. Tangu siku hiyo natumia pamba: jaza bori kwa pamba hadi chini kidogo ya ukingo, ziba digali kwa waya uliokunjwa, dondoshea pombe polepole hadi pamba ilowe, uiache usiku mmoja. Asubuhi pamba itakuwa na rangi ya kutu. Rudia ikibidi, kisha acha kiko siku tatu nne kikauke kabla ya kufanya lingine lolote. Kama utalazimika kutia kiraka cha majivu, kitie baada ya usafi huu. Pombe isigusie upande wa nje, itaondoa rangi. Na ile pamba na waya uzitupe mbali na watoto. Kilichomo ni nikotini nzito.

Hayo ni kwa kiko cha mti. Nayasema kwa wanaosoma juu ya bega lako: kiko cheupe cha meershaumu, lile jiwe jepesi linalochimbwa hasa karibu na Eskişehir, Uturuki, hakitakiwi kulowekwa wala kujengewa ukoko, kinafutwa kwa karatasi kila kikivutwa.

Tuje kwenye shilamu. Harufu ya kiberiti uliyoisikia ni kiberiti kweli. Shilamu nyeusi ya zamani ni ebonaiti, yaani raba iliyopikwa pamoja na salfa nyingi ikawa ngumu. Mwanga na hewa vinaitoa salfa hiyo juu, ndiyo rangi ya haradali. Haina maana imeoza. Ni ngozi ya juu tu. Ioshe kwa sabuni na maji ya baridi, kausha, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 600, ukifuata 1000 na 2000, kila mara ukiulowesha. Ukitaka kuanza na namba 400 kwa kuwa rangi imezama, sawa, lakini ikwepe sehemu ya mwisho inayopakana na digali: ukingo huo ukiviringika, shilamu na digali havitakutana tena bila mwanya, na kila atakayekishika ataona. Malizia kwa nta ya karnauba au, ukiikosa, tone la mafuta ya kula lililofutwa vizuri. Dawa ya kung'arishia nguo inaondoa rangi haraka, ila inaacha vinyweleo ambavyo hutaviondoa kwa wiki nzima ya msasa. Ikishang'aa, itunze kivulini. Dirishani itarudi haradali baada ya miezi.

Kulegea usikuhangaikie kwanza. Mti uliokaushwa na kabati, kisha ukaloweshwa mara tatu kwa siku, haujui ukubwa wake wenyewe. Safisha, pumzisha wiki mbili, jaribu tena. Ikiwa bado inacheza, kile kipande chembamba kinachoingia kwenye digali, ambacho seremala angekiita ulimi, kinaweza kutanuliwa: kizungushe juu ya mshumaa, sentimita kadhaa kutoka kwenye mwali, mpaka kilainike kidogo, usukumie kwenye tundu lake shina laini la keekee lililozidi tundu kwa unywele mmoja, kisha chovya katika maji baridi. Jaribu. Ni afadhali urudie mara tatu kuliko kuzidisha mara moja, kwani ulimi mnene utapasua digali. Ukiwa mgumu kidogo kuingia, paka risasi ya penseli. Na kila unapoiingiza au kuitoa, zungusha upande mmoja tu huku umeshika digali, usishike bori.

Kilichobaki ni ratiba, nayo ni fupi. Ukimaliza kuvuta acha kipoe, mwaga majivu, pitisha waya, uuache mmoja ndani, kisimame bori likiwa juu au kilale ubavu. Saa 24 kisiguswe. Ukishindwa kungoja, tafuta cha pili. Vile vya gunzi la mahindi vinatosha kabisa, havihitaji kuzoeshwa, na mji wa Washington katika jimbo la Missouri, Marekani, umevitengeneza tangu mwaka 1869. Hicho kiwe cha kila siku, cha babu kiwe cha mara mojamoja.

Sasa mabonde ya meno, na sababu ya kukukataza maji ya moto. Ebonaiti ina kumbukumbu. Ilipofinyangwa kiwandani ilipewa umbo, na ikipata joto la kutosha inajaribu kulirudia. Maji yanayokaribia kuchemka yanatosha. Mabonde yale yatapanda yenyewe, mengine yatapotea kabisa, na mpindo wa shilamu nao unaweza kunyooka. Ndiyo njia wanayotumia mafundi kufuta alama za meno, na ni rahisi hata wewe ungeiweza leo. Lakini alama hizo zikishapanda hazirudi, na haziwezi kuigwa. Kwa hiyo unapopasha ule ulimi kwenye mshumaa, upande wa pili ufunge kitambaa chenye maji ya baridi. Unapopiga msasa, ruka pale. Kwanza kiweke mdomoni kikiwa kitupu uone kama meno yako yanaingia mlemle alimokuwa akibana yeye.